Briji nzito na mlio wa besi
Wapiga gitaa la besi wengi huamini kwamba briji nzito, yaani kipande cha chuma kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa, huufanya mlio udumu zaidi kuliko bamba jembamba la chuma lililokunjwa, kama lile la Precision Bass, gitaa la besi la kampuni ya Fender, ya mwaka 1951. Imani hiyo imewapotezea wengi fedha. Noti inayozimika mapema, hasa kwenye uzi wa G kati ya freti (vijiti vya chuma kwenye shingo) ya 5 na ya 7, kwa kawaida humezwa na shingo ya gitaa, ambayo hutikisika kwa masafa yaleyale ya noti hiyo, na shingo haibadiliki kwa kufunga briji mpya. James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown, alirekodi kwa bamba la aina hiyohiyo. Briji ibadilishwe skrubu zikiliwa na kutu au tuni ikikataa kutulia, baada ya kupima nafasi za matundu.