Wiki Moja Kabla ya Kuwatenga na Mama: Bakteria Rafiki na Kuhara kwa Watoto wa Nguruwe

Watoto 11 wa nguruwe walikuwa wamelaliana katika pembe moja ya banda, na hata nilipoingia hakuna aliyeinuka. Nilimwinua mmoja. Mkia na mapaja yalikuwa yameloa uharo wa manjano uliokwisha kuanza kukauka, macho yalikuwa yamezama, na ngozi ya ubavuni nilipoifinya ilibaki imesimama kwa muda kabla ya kurudi mahali pake taratibu. Mama mwenye banda, ambaye anafuga pembezoni mwa Pongwe, njia ya kutoka Tanga mjini kwenda Muheza, aliniambia: “Daktari, mpaka Jumapili walikuwa wazima kabisa, wanakimbizana. Nimewatenga na mama yao Jumatatu tu.” Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Mkononi alishika pakiti ya unga wa probiotiki (bakteria rafiki walio hai) aliyoinunua asubuhi ile katika duka la pembejeo za mifugo, na alitaka nimwonyeshe namna ya kuwachanganyia.

Ilinibidi nimwambie kwamba pakiti ile ilikuwa njema, ila ilikuwa imechelewa kwa siku 11, kwani ilifaa ianze wiki moja kabla ya kuwatenga. Sentensi hiyo nimelazimika kuisema katika mabanda mengi ya mkoa huu, na ndiyo sababu ninaandika leo. Probiotiki hufanya kazi pale zinapoingia utumboni kabla ya adui. Zikija baada yake, msaada wake huwa mdogo sana.

Mtoto wa nguruwe huzaliwa akiwa hana karibu kinga yoyote ya mwilini, kwa kuwa kondo la nguruwe haliruhusu kingamwili za mama kupita kwenda kwa kijusi. Kinga yake ya kwanza ni dang'a, maziwa yale mazito ya mwanzo, ambayo hana budi kuyanyonya ndani ya saa 24, kwani baada ya hapo utumbo wake hufunga milango ya kupitishia kingamwili hizo kwenda kwenye damu. Anapoendelea kunyonya, hali hubaki ya kuridhisha: sukari ya maziwa huchachushwa tumboni na bakteria wa jamii ya Lactobacillus, ambao hutengeneza asidi ya laktiki, na asidi hiyo humsaidia mtoto ambaye tumbo lake bado halijaweza kutoa asidi yake ya kutosha. Kwa maneno mengine, mtoto anayenyonya hulindwa na mtindi unaojitengeneza ndani ya tumbo lake.

Siku ya kumtenga na mama, mambo hayo yote hukatika kwa mara moja. Maziwa hakuna, chakula kipya cha pumba na mashudu hakijui, anachanganywa na wenzake wasiofahamiana, na kwa siku 1 au 2 hali chochote cha maana. Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba, ambao umejaa vinyuzi vidogo mfano wa vidole vya kunyonyea chakula, huanza kusinyaa ndani ya siku chache kwa sababu ya njaa hiyo. Lactobacillus hupungua, asidi hupungua, na hapo ndipo Escherichia coli wa aina ya hatari hupata mwanya. Bakteria hawa wana nyuzi za kunatia, zinazojulikana kitaalamu kama F4 na F18, ambazo hushika kwenye ukuta wa utumbo. Wakishanata hutoa sumu zinazoufanya utumbo umwage maji badala ya kuyanyonya. Mtoto mwenye uzito wa kilo 7 hana akiba kubwa ya maji, na kinachomuua mara nyingi ni kukaukiwa, kabla hata bakteria wenyewe hawajafanya madhara mengine.

Sasa, probiotiki inafanya nini hapo? Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na Shirika la Afya Duniani waliafikiana mwaka 2001 kwamba probiotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitolewa kwa kiasi cha kutosha, humletea faida ya kiafya yule anayepewa. Maneno mawili katika maelezo hayo yana uzito kuliko yote: hai, na kiasi cha kutosha. Kazi yao ya kwanza ni kushika nafasi. Baraza ikishajaa wenyeji, mgeni anayekuja na shari hapati pa kukaa. Watafiti wa Kifini, Nurmi na Rantala, walilionyesha jambo hili mwaka 1973 kwa vifaranga wa kuku: vifaranga waliopewa bakteria kutoka utumbo wa kuku wakubwa wenye afya hawakushambuliwa kirahisi na bakteria hatari wa Salmonella. Pamoja na kushika nafasi, bakteria hawa hutoa asidi, baadhi yao hutoa vitu vinavyoua bakteria wengine, na huusaidia ukuta wa utumbo kushikamana na kutoa ute wa kujikinga.

Hamu ya dunia juu ya jambo hili imeongezwa na sheria. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo kuanzia Januari 2006, na mwaka 2022 ukasitisha matumizi ya dozi kubwa za oksidi ya zinki zilizokuwa zikizuia kuhara kwa watoto wa nguruwe. Kwetu tatizo lina sura nyingine: oksitetrasaiklini, ambayo ni antibiotiki, inanunuliwa dukani kama chumvi, inatiwa katika maji ya kunywa kwa kukisia, na usugu wa vimelea dhidi ya dawa unakua mbele ya macho yetu. Mimi huumia kila ninapokuta banda ambalo dawa 3 zimekwisha kujaribiwa kabla sijaitwa.

Bidhaa zinazouzwa hutofautiana, na mfugaji anastahili kujua tofauti hiyo. Lactobacillus na Enterococcus faecium ni wepesi wa kufa kwa joto. Bacillus subtilis na Bacillus licheniformis hujifunga ndani ya ganda gumu liitwalo spora, kwa hiyo hustahimili joto, ukavu na hata mashine ya kutengeneza chakula cha vidonge. Kwa pwani yetu, ambako duka lenye paa la bati hugeuka tanuri ifikapo saa 8 mchana, ninapendelea kushauri zenye spora. Miaka michache iliyopita niliacha pakiti 6 za Lactobacillus ndani ya gari kuanzia asubuhi hadi jioni, nikazigawa kwa wafugaji 3 nikiamini nimewasaidia. Nilipoketi baadaye kufikiria joto la ndani ya gari lile nilielewa kwamba huenda nilikuwa nimewapelekea unga uliokufa, na nikarudi kwao kuwaeleza. Watu huniuliza pia kuhusu hamira ya maandazi. Hamira ni Saccharomyces cerevisiae, na spishi hiyo hiyo imo katika probiotiki za mifugo, lakini aina iliyochaguliwa na kupimwa kwa ajili ya mifugo si ile ya kuumulia unga.

Soma lebo utafute idadi ya bakteria hai. Kiwango kinachotumika mara nyingi ni takriban bilioni 1 kwa kila kilo ya chakula. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi kwenye ndoo usiku kucha kabla ya kuchanganyia, kwa sababu klorini haichagui rafiki na adui. Vivyo hivyo antibiotiki: ukiziweka katika chombo kimoja na bakteria rafiki umetupa fedha zako, isipokuwa kwa hamira, ambayo ni kuvu na haiuawi na antibiotiki za bakteria.

Mpangilio ninaoufuata huanza kwa nguruwe mama, wiki 2 kabla ya kuzaa, kwa sababu bakteria wa kwanza wa mtoto hutoka katika chuchu, ngozi na kinyesi cha mama yake. Kisha watoto huanzishiwa chakula cha kuonja wakiwa na siku 10 hivi, kidogo kidogo, kikiwa na probiotiki. Wiki moja kabla ya kuwatenga, na wiki 2 baada ya hapo, sikubali siku hata moja irukwe, kwa kuwa wengi wa bakteria hawa hupita tu utumboni bila kuweka makazi ya kudumu.

Asiye na uwezo wa kununua pakiti anaweza kuchachusha chakula chenyewe. Chukua sehemu 1 ya chakula kwa sehemu 2 na nusu za maji safi, tia kikombe cha maziwa ya mgando, ambayo mkoa wa Tanga haukosi, funika na uache kivulini kwa siku 2. Usiwape siku ya kwanza: katika saa za mwanzo bakteria wabaya nao huongezeka, mpaka asidi ipande na kuwazima. Karatasi ya kupimia asidi ikionyesha chini ya 4.5, na harufu ikawa ya uchachu safi kama togwa, kiko tayari. Bakiza kidogo kwa ajili ya kuanzishia kingine. Machicha ya nazi usiyachachushe humo, kwani mafuta yake huchacha vibaya. Na palipoota ukungu, mwaga chote.

Kuna kuhara ambako probiotiki hazikufikii. Mtoto wa siku 7 hadi 14 mwenye uharo kama uji mara nyingi ana vimelea vya utumbo viitwavyo koksidia, na huyo anahitaji dawa yake. Mtoto wa siku 1 hadi 3 mwenye uharo wa damu hushukiwa kuwa na bakteria Clostridium perfringens. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo haina chanjo wala tiba nchini mwetu, haizuiwi kwa bakteria wowote, bali kwa kufunga geti. Aidha banda lenye maji na upepo wa masika humshinda mtoto hata akipewa probiotiki ghali kuliko zote. Mtoto mchanga wa siku ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 34.

Kwa wale 11 wa Pongwe tulianza na maji: lita 1, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, wakanyweshwa kidogo kidogo kutwa nzima. Nilichukua sampuli ya kinyesi kwa ajili ya maabara, nikawachoma sindano ya antibiotiki waliokuwa hoi, nikaomba pakiti ile ihifadhiwe mahali pa baridi mpaka dozi iishe. Wawili walikufa usiku ule, 9 wakabaki. Nguruwe yule yule alipopata mimba tena, yule mama aliniita mapema, na nilipofika nilikuta kalenda imening'inizwa juu ya mlango wa banda, tarehe ya kuzaa imezungushiwa duara la kalamu nyekundu, na wiki 2 nyuma yake kumeandikwa: “anza unga.”