Kusoma fishi ya luteni

Mwezi uliopita kijana mmoja wa chuo kikuu alinikuta nyumbani Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, mkononi ana karatasi mbili alizochapisha mjini. Katika hati za Wamarekani za miaka ya 1960, zile zilizokwisha kufunguliwa kwa umma, alikuwa amekuta jina la babu yake, aliyekuwa luteni katika jandarmeri ya Katanga, yaani jeshi la Katanga ilipojitenga na Kongo. Jina lilifuatwa na mistari michache: alikozaliwa, kambi alizopitia, halafu maneno matatu juu ya tabia yake. Mkimya, mtiifu, si mtu wa siasa. "Papa," aliniuliza hata kabla ya kukaa, "babu alikuwa anawatumikia Wazungu?"

Nikamwambia hapana, babu alikuwa na fishi tu, yaani karatasi ya maelezo ambayo ubalozi huandika juu ya mtu. Jina lako likiwa kwenye daftari la madeni la duka, hilo halikufanyi mfanyakazi wa duka.

Fishi hizi nazijua kwa pande zote mbili. Miaka kadhaa nilikuwa msaidizi wa mambo ya siasa katika ofisi moja ya kigeni hapa Lubumbashi, na kuziandika ilikuwa sehemu ya mshahara wangu. Siku hizi nazisoma kama mtu wa historia. Kazi yenyewe haina giza ambalo watu wanalidhania. Mkataba wa Vienna wa 1961 juu ya uhusiano wa kidiplomasia, kifungu cha 3, unaitaja waziwazi kati ya kazi za ubalozi: kujua hali ya nchi mwenyeji kwa njia zote halali na kuiarifu serikali iliyokutuma. Mwambata wa jeshi naye hajifichi. Kifungu cha 7 kinairuhusu nchi mwenyeji kudai jina lake mapema, ilikubali au ilikatae. Akisalimiana na kanali kwenye sherehe zetu za uhuru za Juni 30, kila mmoja anajua kwamba mwenzake usiku ataandika.

Kwa wakubwa kabisa mambo huenda mbali zaidi. Kabla ya mazungumzo ya Camp David mwaka 1978, wataalamu wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, walimwandalia Rais Carter maelezo ya nafsi za Begin wa Israeli na Sadat wa Misri, ajue namna ya kukaa nao chumbani. Luteni wa Katanga hakuandaliwa mtu wa kumchungulia nafsi. Alipata mistari minne, na aliyeiandika huenda alikuwa na wengine thelathini wa kumaliza kabla ya mfuko wa kidiplomasia kufungwa.

Kila anayeletewa fishi hukimbilia maneno ya tabia. Yana utamu wa umbeya. Mimi huyaacha mwisho, kwa sababu nimeyaandika na najua yanavyopikwa. Umekaa na mtu dakika ishirini, bia moja, kelele za muziki, na mkubwa wako anataka kujua huyu ni mtu wa namna gani. Unatafuta neno. "Mwenye msimamo wa wastani" maana yake, mara nyingi, ni kwamba alikubaliana na sisi. "Mwenye tamaa ya makuu" maana yake aliuliza maswali kuliko alivyojibu.

Mistari mikavu ndiyo yenye nyama: kambi gani, mwaka gani, chini ya nani, lugha zipi, ameoa kwa nani. Chukua Julai 1960, siku chache baada ya uhuru. Force Publique, jeshi tulilorithi kwa wakoloni, ilikuwa na askari wapatao 25,000, na kati ya maofisa wake hapakuwa na Mkongomani hata mmoja. Jeshi likaasi, na katika siku chache Victor Lundula, aliyekuwa meya wa komini huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, akawa jenerali na mkuu wa jeshi. Alikuwa ameliacha jeshi akiwa sajini meja. Mobutu, aliyekuwa karani wa jeshi kisha mwandishi wa habari, akawa kanali na mnadhimu wake mkuu. Kwa mwandishi wa fishi wa wakati ule, mstari wa cheo haukuwa na maana yoyote. Makanali na majenerali walizaliwa kwa wiki moja.

Mstari wa kambi je? Huo ungemwambia mengi. Mobutu alipopelekwa Luluabourg, yaani Kananga ya leo, akiwa kijana, sajini mmoja alimchukua kama mtoto wake. Jina lake Louis Bobozo. Mwaka 1965 Mobutu alipotwaa nchi, mkuu wa jeshi zima akawa Bobozo huyo huyo, na alikikalia kiti hicho hadi 1972. Aliyekuwa ameandika tu "Luluabourg, chini ya sajini Bobozo" alikuwa na habari kuliko aliyejaza ukurasa mzima juu ya akili na ukarimu wa Mobutu.

Baada ya mistari mikavu natafuta mdomo: nani alisema? Majeshi mengi ya Magharibi hutumia herufi na namba. Herufi, kuanzia A hadi F, ni ya mtoa habari; namba, kuanzia 1 hadi 6, ni ya habari yenyewe. A1 ni mtu anayeaminika na habari iliyothibitishwa. F6 maana yake hatumjui msemaji wala hatuwezi kupima alichosema. Habari ya F6 haikatazwi kuandikwa. Ubaya ni pale mtu anapoinakili bila alama yake, kisha mwingine anakuja kuinakili toka kwa huyo, na baada ya miaka miwili uvumi wa baa umekuwa historia ya mtu.

Na hapo ndipo hati zilizofunguliwa zinapotunyima. Juzuu la wizara ya mambo ya nje ya Marekani juu ya Kongo ya 1960 hadi 1968, lililotoka mwaka 2013, limejaa mabano yanayosema mstari mmoja na nusu haukufunguliwa, mistari miwili haikufunguliwa. Mara nyingi kinachokatwa ni mtoa habari. Tunaachiwa maneno, mdomo umeondolewa.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa la jina. Niliunganisha mameja wawili wakawa mtu mmoja, kwa sababu walikuwa na jina ambalo huku kwetu ukiliita sokoni watu kumi watageuka. Mmoja alikuwa mlevi, mwingine alikuwa na mashitaka juu ya mafuta ya jeshi. Kwenye fishi yangu akatokea mlevi mwizi ambaye hakuwahi kuzaliwa. Iligunduliwa baada ya miezi mitano, mwenye kiasi aliponyimwa viza ya masomo. Na usidhani tatizo la majina ni kufanana tu: mwaka 1972 nchi nzima iliacha majina ya Kikristo, Katanga ilikuwa imekwisha kuitwa Shaba, na mtu mmoja akawa na fishi mbili zisizojuana.

Pengine ndiyo sababu wakubwa walianza kutamani kitu kisichobadilika. Telegramu ya Marekani ya 2009, iliyovuja mwaka uliofuata, iliwaagiza wanadiplomasia wao wa Kongo, Rwanda na Burundi wakusanye hata alama za vidole, picha za mboni na DNA. Hapo mimi nasema njia halali za Vienna zimekwisha kuachwa nyuma. Glasi ya mgeni ni ya kuosha.

Kijana hakutosheka na darasa langu. Basi Jumapili nikampeleka Katuba, kwa muzee mmoja aliyekuwa kambi moja na babu yake. Tulimkuta chini ya muembe, redio sikioni. Nikamsomea mistari yote minne, nikitafsiri polepole. Kwenye kambi alitikisa kichwa, kweli, kweli. Nilipofika kwenye "mkimya" alizima redio.

"Ule? Kimya?" Alicheka mpaka akakohoa. "Mu Kifalanse, ndiyo. Mu Kiluba ungemukimbia."

Kijana akaichukua karatasi yake, akaitazama tena kana kwamba herufi zingebadilika. Muzee alikuwa ameacha kucheka.

"Na siku ile," akaniuliza, "nani alikuwa anawatafsiria?"

Nikaigeuza karatasi nyuma na mbele. Jina la mkalimani halikuwapo.