Gari imetoka kutengenezwa AC, umeme umeanza kusumbua: anzia wapi?

Kazi yangu ni umeme wa magari, na kuna kesi moja inaletwa kwangu tena na tena. AC ilikuwa imekufa, gari ikapelekwa kwa fundi wa AC, imerudi inapuliza baridi safi kabisa, ila sasa taa ya betri inawaka kwenye dashibodi, au asubuhi haiwaki, au inazima ukiwa umesimama kwenye foleni. Mwenye gari anafika kwangu ameshashauriwa anunue alteneta (ile inayochaji betri), mwingine kashaambiwa kontroli boksi (kompyuta ya gari) imeungua. Ndugu yangu, usinunue kitu chochote kwanza.

Mi swali langu la kwanza huwa ni moja tu: fundi alifungua wapi? Kubadili kompresa (pampu ya gesi ya AC) au kondensa (kipoza gesi cha mbele) ni kazi ya chini ya boneti, kubadili evapoleta (kile kinachopoza hewa ya ndani) ni kazi ya kushusha dashibodi karibu nzima, na kujaza gesi peke yake karibu hakugusi waya wowote. Kwahiyo ukijua mikono ya fundi ilipita wapi umeshapunguza nusu ya kazi, maana mara nyingi tatizo lipo palepale alipopita.

Tuanze na boneti. Kondensa inakaa mbele ya radieta, na kwenye ile fremu ya mbele ndo zinafungwa nyaya kadhaa za eathi (zinazorudisha umeme upande hasi wa betri), mara nyingi kwa bolti ileile inayoshika breketi. Kompresa nayo inashikwa kwenye injini na eathi yake inapita kwenye chuma cha injini. Fundi akifungua bolti akarudisha juu ya rangi, au juu ya kutu, au akausahau kabisa ule waya mdogo unaning'inia pembeni, gari itawaka na itatembea vizuri tu, ila umeme unaanza kutafuta njia nyingine ya kurudi betri na hapo ndo unaona vituko. Unawasha AC mshale wa joto la injini unapanda ghafla, unazima AC unashuka, wakati injini haijapata joto lolote. Unawasha taa kubwa klachi ya kompresa (inayoiunganisha na mkanda) inaachia. Ukiona kitu kimoja kinabadilika kwa sababu umewasha kitu kingine kisichohusiana nacho kabisa, jua eathi ndo ya kushukiwa kwanza.

Sasa kuipima, watu wengi wanakosea hapa. Wanazima gari, wanaweka mita ya umeme kwenye mlio, inalia tiii, wanasema eathi nzima. Hapana. Waya wenye nyuzi ishirini ukibaki na uzi mmoja mita italia vilevile, lakini uzi mmoja hauwezi kupitisha ampea za feni. Eathi inapimwa ikiwa inafanya kazi. Washa injini, washa AC, blowa (feni ya ndani) ya juu kabisa, taa kubwa, alafu mita iweke kwenye volti za DC, ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri chenyewe, ncha nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, kisha hamia kwenye bodi, kisha kwenye ile fremu ya mbele. Ukisoma chini ya volti 0.2 uko salama. Ukisoma 0.8 au volti 1 na kitu, umeshampata mwizi, fungua hiyo bolti, kwangua mpaka chuma king'ae, kaza tena. Nimeona mita ikishuka kutoka volti 1 na zaidi mpaka karibu na sifuri kwa bolti moja ya namba 10 iliyokuwa imekazwa juu ya rangi, na gari yenyewe ilishanunuliwa betri mpya.

Ukiwa hapohapo angalia mkanda. Kwenye magari mengi mkanda unaozungusha kompresa ndo huohuo unazungusha alteneta, ukikaa nje kwa mfereji mmoja au ukiwa umelegea, alteneta inateleza na chaji inashuka. Angalia pia soketi ya alteneta yenyewe, kuna gari kompresa haitoki mpaka uichomoe, na ikirudishwa bila kusikia ule mlio wa kunasa inaachia baada ya mashimo mawili matatu ya barabarani. Betri gari ikiwa imezimwa na imepumzika inatakiwa isome kama volti 12.6, ikiwashwa isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi, ingawa magari mapya yanapanga chaji yenyewe na yanaweza kushuka kidogo kwa makusudi.

Kitu kingine ambacho sio kosa la fundi wa AC, na nakisema maana wanalaumiwa bure. AC ikiwa imekufa muda mrefu alteneta ilikuwa imepumzika. Siku inapopona, blowa inakula ampea 15 mpaka 25, feni za mbele nazo zinataka zake, klachi inaongeza kama 4. Ukijumlisha unakaribia ampea 40 au kuzidi, na alteneta iliyochoka au betri ya zamani ndo inaumbuka hapo. Washa kila kitu gari ikiwa sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta), volti zikikatalia chini ya 13 na mkanda uko sawa na eathi ziko sawa, hapo sasa ndo tuongelee alteneta.

Kuna hii nyingine inawachanganya hata mafundi wazuri. Magari mengi ya sasa hayana swichi ya kawaida ya presha ya gesi ya AC, yana sensa ya presha ya waya tatu, na mojawapo ni volti 5 zinazotoka kontroli boksi. Hizo volti 5 mara nyingi zinagawanywa kwa sensa nyingine, za injini kabisa. Waya wa ile sensa ukibanwa na breketi ukagusa bodi, volti 5 zinaanguka kwa wote, injini inakosa nguvu au inagoma kuwaka, na mashine ya kusoma kodi (namba za hitilafu) inakuletea kodi za sensa tatu nne kwa mpigo. Hakuna sensa nne zinazokufa siku moja. Pima volti 5 kwenye sensa yoyote inayolalamikiwa, alafu nenda chomoa soketi ya sensa ya presha ya AC. Volti zikirudi, sensa yenyewe ndo ina shoti. Zisiporudi fuatilia waya, sentimita kwa sentimita, kuanzia alipopita fundi.

Fyuzi ya klachi ikiwa inakatika usiweke kubwa zaidi, tafadhali sana, utaunguza waya na pengine gari zima. Pima koili ya klachi, kawaida ni ohm 3 mpaka 5, ikisoma chini sana koili imeungana ndani. Na ukibadilishiwa klachi uliza kama daiodi yake imerudishwa, kuna magari daiodi iko kwenye waya wa koili kabisa, bila hiyo kila klachi inapoachia inarusha umeme mkali nyuma, redio inapiga kelele na rilei (swichi zinazoendeshwa na umeme) zinakufa mapema. Rilei ikiganda imefunga (inapitisha umeme muda wote), kwenye gari ambayo rilei inalishwa moja kwa moja na betri, klachi inakula usiku kucha na asubuhi huna kitu. Gari ikilala vizuri inatakiwa itumie umeme chini ya miliampea 50 hivi, ila isubiri ilale, wakati mwingine inapita nusu saa.

Ndani ya dashibodi shida kubwa ni nyaya kubanwa na soketi kusahaulika. Ila zile soketi za njano za eabegi usizipime na mita kwa hali yoyote, mita ya ohm inaweza kulipua begi usoni kwako. Taa ya eabegi ikiwaka baada ya kazi ya evapoleta, betri ichomolewe, isubiriwe muda ambao kitabu cha gari kinasema, ndo soketi ziguswe.

Vioo kukataa kupanda vyenyewe, redio kudai kodi (namba ya siri), sailensa kushuka, hayo mara nyingi ni kwa sababu betri ilichomolewa tu, gari inataka kufundishwa upya, kitabu chake kina utaratibu.

Na wenye haibridi (gari ya injini na mota ya umeme), kwenu ni tofauti kabisa. Kompresa nyingi zenu zinaendeshwa na umeme wa zaidi ya volti 200 kupitia zile nyaya za rangi ya chungwa, na oili yake ni ya aina maalumu isiyopitisha umeme. Fundi akijaza oili ya PAG ya magari ya kawaida, au akatumia mashine yenye mabaki ya oili hiyo, umeme mkubwa unaanza kuvujia kwenye bodi ya kompresa, gari inatoa kodi ya uvujaji na inaweza ikakataa kuingia tayari kutembea. Hapo hata ukisafisha eathi zote haisaidii. Muulize fundi ametumia oili gani kabla hujamruhusu mtu mwingine yeyote kufungua kitu, na kazi yenyewe apewe mwenye glovu za umeme mkubwa na anayejua kuukata huo umeme kwanza.