Mama ana mashine ya presha nyumbani. Nani anaisoma?

Kliniki yetu ya presha na kisukari hupokea mara kwa mara mzee aliyechelewa kuletwa kutibiwa, huku nyumbani kwake ipo mashine nzima, mpya, aliyonunuliwa na mwanawe wa mjini au wa ng'ambo. Haya ndiyo wanayotuuliza watoto hao.

Kumfuatilia mzee kwa mbali ni nini hasa?
Ni kumpima akiwa kwake, na vipimo vimfikie mtu anayejua la kufanya na anayeweza kulifanya. Wengi wananunua mashine wakaishia hapo.

Mashine gani inamfaa mzee aliyedhoofika?
Ile atakayoiweza siku ambayo haupo. Mikono inatetemeka, macho yana ukungu. Tafuta yenye kitufe kimoja kikubwa, namba anazoziona bila miwani, na betri zinazouzwa duka la jirani. Iwe ya kufunga mkono wa juu. Za kifundo cha mkono huyumba sana. Kitambaa kimtoshe: kikiwa kidogo namba hupanda kwa uongo, kikiwa kikubwa mno hushuka. Na tafadhali, mashine inayodai simu janja, nenosiri na bando si ya bibi wa miaka 80, ni ya mjukuu. Mjukuu akirudi bweni, vipimo vimekwisha. Afadhali yenye laini yake inayotuma yenyewe, au daftari na simu ya kitochi ya kukusomea namba. Kabla ya kulipa, mpe aifunge mwenyewe. Ukimsaidia mara tatu na bado hawezi, tafuta nyingine.

Apimwe vipi?
Akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo. Mara mbili, dakika moja katikati. Kisha asimame, mtu akiwa kando yake, apimwe tena ndani ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, tuambieni. Wazee wengi huanguka kwa sababu hiyo.

Mama ameamka mdomo umepinda, lakini mashine inasema 130 kwa 80. Tusubiri?
Hapana. Mpelekeni hospitali sasa hivi. Mdomo kupinda, mkono au mguu kulegea ghafla, maneno kutoeleweka: hicho ni kiharusi mpaka daktari aseme sicho, hata presha ikiwa nzuri kiasi gani. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya kichwa. Kila mnaporudia kupima mnazila saa hizo.

Tumetuma picha ya namba kwenye kundi la familia, tunamsubiri kaka aliyeko Muscat.
Msimsubiri. Kaka yuko kazini, simu iko kabatini. Tumepokea wagonjwa ambao picha ilitumwa asubuhi na jibu likaja jioni, mgonjwa yuko kitandani muda wote huo. Pangeni leo, mama akiwa mzima: jirani gani ana ruhusa ya kuita gari bila kumuuliza mtu, na nauli iko kwa nani. Kaka ataarifiwa mkiwa njiani.

Na presha ikiwa 180 kwa 120 naye hana dalili yoyote?
Apumzike dakika 5, mpimeni tena. Ikibaki hapo, pigeni simu kliniki siku hiyohiyo. Msimwongezee vidonge kwa kukisia. Kuishusha ghafla nako kunaua. Akiwa na maumivu ya kifua, akihema kwa shida au macho yakififia, jibu ni lilelile: hospitali, msisubiri.

Kitufe cha dharura cha kuvaa shingoni kinasaidia?
Kikivaliwa, hasa bafuni. Tunavikuta kwenye droo. Wengine wamekivaa na hawakibonyezi kwa kuogopa kusumbua watoto, wakabaki sakafuni usiku kucha, misuli na figo zikiumia. Mwambie kwa kinywa chako kwamba hasumbui, kisha abonyeze mbele yako, uitikie.

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasema 97 lakini anahema haraka. Je, yuko salama?
Mwangalieni yeye. Piko, rangi ya kucha na vidole vya baridi huvuruga kipimo hicho, na kwenye ngozi nyeusi wakati mwingine husoma juu kuliko hali halisi. Mzee asiyeweza kumaliza sentensi kwa kuhema anakwenda hospitali hata kikisema 99.