Kioo cheusi si kadi iliyokufa

Hapa Malindi, kompyuta ya Linux ikibaki na kioo cheusi baada ya kusasishwa, utasikia: hewa ya chumvi imeshakula kadi ya michoro. Sivyo. Ukiiona menyu ya GRUB (programu inayowasha Linux), kadi inatoa picha. Kilichogoma aghalabu ni draiva (programu inayoendesha kadi), hasa ya kadi za Nvidia isiyolingana na kerneli mpya, yaani kiini cha Linux, au Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwasha, imeikataa kwa kukosa saini ya kidijitali.

Tafadhali usifute diski. Kwenye GRUB bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux, na mwishoni, baada ya quiet splash, acha nafasi uandike nomodeset, neno la kuwasha kwa picha ya msingi. Bonyeza F10. Picha itakuja ila itakuwa nzito, na badiliko hili ni la uwashaji huu tu. Kisha, kwenye Ubuntu, fungua terminali uendeshe sudo ubuntu-drivers install ili kuweka draiva inayofaa. Ukitakiwa kuweka nenosiri la MOK (ufunguo wa mwenye kompyuta, ambao Secure Boot huukubali), liandike karatasini: ukiwasha upya, skrini ya buluu italidai baada ya kuchagua Enroll MOK.