Kangaga lililokataa kufanana na mama yake

Juma lililopita mama mmoja alipanda hadi kitaluni kwangu, hapa milimani Lushoto, amekumbatia chungu cha kangaga nililomuuzia miaka miwili nyuma. Lilipoondoka kwangu, majani yake yalikuwa yamechanikachanika mpaka ncha, laini kama lesi ya kitambaa cha meza. Sasa katikati ya lesi hiyo yalikuwa yamechomoza majani matano marefu, yamenyooka, ya kawaida kabisa.

"Mwanangu," akasema, "hili limeingiliwa na jingine?"

"Hapana, mama. Limemkumbuka bibi yake."

Alikuwa anawahi basi la Mombo, kwa hiyo nilimweleza harakaharaka. Haya ndiyo maelezo marefu niliyobaki nayo moyoni.

Bibi mwenyewe anaitwa Nephrolepis exaltata, kangaga la Florida na visiwa vya Karibi ambalo majani yake husimama wima kama panga. Mwaka 1894, katika shehena ya makangaga iliyotoka Philadelphia kwenda Cambridge, jirani na Boston, ulionekana mmea mmoja ambao majani yake hayakusimama. Yaliinama na kumwagika pande zote za chungu. Hakuna aliyeutengeneza, ulitokea wenyewe. Ndilo kangaga la Boston, lile linaloning'inia kwenye baraza za Dar es Salaam na Nairobi. Na kwa kuwa halitoi spora (vumbi la uzazi la makangaga) zinazoota, huzalishwa kwa kugawa mmea tu, kipande kikizaa kipande.

Wala halikutulia hapo. Mwanzoni mwa karne ya 20, bwana F. R. Pierson wa Tarrytown, New York, alitoa sokoni kangaga la Boston ambalo kila jani dogo lilikuwa limegawanyika tena, kana kwamba ni jani zima lililopunguzwa kimo. Kutoka kwa hilo yakazuka mengine yaliyochanika zaidi, kisha mengine mafupi, mengine ya mawimbi. R. C. Benedict wa bustani ya mimea ya Brooklyn alitumia miaka mingi kuyafuatilia, kuona nani amezaliwa na nani. Ukoo mzima, na hakuna hata mmoja aliyepitia mbegu wala spora.

Inawezekanaje? Jibu liko kwenye ncha ya shina. Kwa mwembe au mhindi, ncha inayokua huendeshwa na kundi la seli. Kwa kangaga kiongozi ni seli moja tu, yenye umbo la piramidi iliyopinduliwa, na shina lote na majani yake hutokana na kujigawa kwake. Jeni ikibadilika ndani ya seli hiyo moja, chipukizi zima hubadilika, halichanganyiki. Sasa fikiria kwamba kangaga la Boston hutoa nyuzi nyembamba zinazotambaa juu ya udongo, na kila uzi una ncha yake, yaani una seli kiongozi yake. Jaza vyungu hivyo kwenye vitalu vya nchi nzima, mwaka baada ya mwaka. Ajabu ingekuwa kama lisingetokea jipya lolote.

Mlango uliofunguka hivyo hufunguka pia upande wa pili. Uzi mmoja unaweza kurudia umbo la zamani, na likisharudi, jani la kawaida hukua haraka na kulifunika la lesi. Ndicho kilichotokea kwenye chungu cha yule mama. Dawa yake si kukata majani yaliyorudi, maana yatachipua tena. Lifuate jani mpaka chini, tafuta shina lilikotoka na uzi unaoliunganisha na mmea, ung'oe vyote pamoja na mizizi. Mimi niliving'oa mbele yake, nikavipanda kwenye chungu cha pili, akaondoka na mjukuu na bibi.

Wengi huniuliza kwa nini nisipande spora, zile za kwenye vidoti vya kahawia chini ya jani. (Naomba sana msivikwangue mkidhani ni wadudu.) Spora haiwi kangaga moja kwa moja. Kwanza huota kibapa cha kijani chenye umbo la moyo, kidogo kuliko ukucha, chenye nusu tu ya kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni. Hicho ndicho hubeba mayai na mbegu za kiume, na mbegu hizo lazima ziogelee kwenye utando wa maji ili kulifikia yai. Yai likirutubishwa ndipo kangaga tunalolijua huzaliwa. Kwa hiyo ukipanda spora, karata za urithi zimechanganywa upya.

Uskoti wana mfano mzuri. Mwaka 1861 mwanafunzi mmoja, James Cosh, aliliona karibu na kijiji cha Drymen kangaga la aina ya Athyrium filix-femina ambalo kila jani dogo lilitoka mawili mawili kwa pembe, yakikatana na kufanya msururu wa alama za X kutoka chini hadi juu, na kila ncha ina kishungi. Likaitwa 'Victoriae', jina la malkia. Enzi hizo Waingereza walikuwa wameshikwa na homa ya makangaga, wakipekua kila ua na kila korongo. Watoto wa 'Victoriae' waliotokana na spora hubeba msalaba huo kwa kiasi, wengine vizuri sana, lakini hawamfikii mama. Anayemtaka mwenyewe hana budi kupata kipande chake.

Yapo yasiyotoa spora kabisa, kama Asplenium scolopendrium 'Crispum', lenye ukingo wa mawimbi kama kola ya nguo za zamani. Hilo huzalishwa kwa vikonyo vikuukuu: unabandua kitako cha jani lililokufa, bado kina kijani kidogo, unakilaza kwenye mchanga wenye unyevu, na vichipukizi hujitokeza. Nilipoliona jambo hilo kwa mara ya kwanza sikulala vizuri usiku ule kwa furaha.

Na lipo kundi la tatu, ninalolipenda kuliko yote. Mwaka 1874 Mmarekani W. G. Farlow aliona kwamba kibapa cha kangaga liitwalo Pteris cretica huchipua kangaga jipya bila yai kurutubishwa. Hakuna ndoa, hakuna karata kuchanganywa. Ndiyo maana Pteris ile yenye mstari mweupe katikati ya jani hupandwa kwa spora na watoto wakatoka na mstari uleule. Aina hii ya Pteris huota porini kwenye milima yetu ya Afrika Mashariki, ya kijani tupu. Kila nipitapo msituni naikagua, natafuta mstari.

Lakini si kila jani la ajabu ni badiliko la kweli. Konokono akitafuna ncha changa, jani linaweza kufunguka likiwa na pacha. Dawa ya magugu ikipeperushwa na upepo huyakunja majani vibaya. Mimi husubiri mmea ukomae, nikaona majani yote yanarudia jambo lilelile, kisha naugawa nione kama vipande vinakubaliana.

Kwenye ukuta wa mfereji nyuma ya kitalu nilipata kangaga dogo lenye ncha zilizogawanyika kama mkia wa samaki. Masika ya kwanza yalikuwa majani matatu kati ya saba. Masika ya pili, yote. Mwezi ujao nitaligawa mara mbili, chungu kimoja kikae kivulini na kingine penye mwanga zaidi, na sitalipa jina mpaka vyote viwili vimejibu.