Kabla ya barakoa, maji

Nikifika kwenye karasha (mashine ya kuponda mawe ya dhahabu), mwenye mashine huniuliza swali lilelile: “Mtaalamu, barakoa ipi nzuri?” Mimi huulizia kwanza maji.

Dhahabu ya Kanda ya Ziwa mara nyingi hukaa kwenye mishipa ya kwatzi, yale mawe meupe, na kwatzi ni silika yenyewe, madini ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Likisagwa, vumbi kubwa hunaswa puani na kooni. Linaloua ni lile dogo, hasa punje zisizozidi maikroni 4 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita; unywele una kama 70), maana hilo hufika kwenye vifuko vya hewa vya mapafu na kuacha makovu; ugonjwa huo ndio silikosisi. Tena huelea hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa. Marekani, kwa kanuni ya mwaka 2016, kikomo ni maikrogramu 50 za silika katika mita moja ya ujazo ya hewa, wastani wa saa 8. Kiasi hicho jicho halikioni, kwa hiyo msimamizi anayesema “leo hakuna vumbi” bila kupima anabahatisha tu.

Ndiyo maana nang'ang'ania maji: vumbi lizuiwe linapozaliwa. Wakati wa kuchoronga, yaani kutoboa mwamba, maji yapite ndani ya ufito wa mashine hadi kwenye ncha. Kwenye karasha, jiwe linyunyiziwe kabla ya kupondwa. Najua kuna duara (mashimo ya wachimbaji wadogo) ambako maji hununuliwa kwa dumu, na wasagaji hulalamika kwamba yakizidi unga unaganda. Basi nyunyiza kidogo, weka mashine mbali na watu, na anayetia mawe kwenye mashine asimame upande unakotoka upepo.

Barakoa ya bluu ya hospitali haisaidii hapa; hewa hupenya pembeni. N95, barakoa ya kuchuja vumbi dogo, inafaa ikibana uso, ila ndevu zinatosha kuiharibu. Kinachoniudhi zaidi ni kijana kumaliza zamu, akajipuliza nguo kwa kompresa, mashine ya kusukuma hewa. Vumbi lote linarudi hewani, usoni pake. Nguo zifuliwe palepale kazini, zisipelekwe kwa watoto.

Silikosisi haina tiba, huweza kuendelea hata ukiacha kazi, na hurahisishia TB njia. Dalili zake hufanana na za TB, na dawa za TB haziondoi makovu ya silika. Kwa hiyo ukienda hospitali, usiishie kusema unakohoa. Mwambie daktari umechoronga au kusaga miaka mingapi, mawe gani, kwa maji au makavu.